Gramu Kumi Kutoka Pango la Songwe

Ambakisye alishika tochi, mimi patasi.
Tuliingia tumefunga leso puani,
na bado ile harufu ya mkojo uliochacha
ilitutoa machozi kama vitunguu vya msibani.

Juu, popo kwa maelfu,
wakilalamika kwa sauti ya bawaba zisizotiwa mafuta.
Chini, mbolea yao, nyeusi, laini,
imejaa vumbi la mabawa ya nondo,
nondo wa mashamba ya mahindi ya Mbalizi,
waliotafunwa usiku, wakadondoshwa mchana.
Na pale mbolea ilipogusana na mwamba,
ganda jeupe, jepesi, linalong'aa kidogo,
kama chumvi iliyosahauliwa sufuriani.

"Chokaa hiyo," alisema Ambakisye.
Sikumjibu. Mimi ni binti wa mchoma chokaa.

Baba, Mwalyego wa tanuru la tatu,
alikuwa na kipimo kimoja tu cha ukweli:
lichome jiwe siku tatu kwa magogo, liache lipoe,
kisha limwagie maji.
Chokaa hujibu. Hufoka, huvimba, hupasuka,
huyachemsha maji yale yale uliyoimwagia.
Lakini kuna mawe, alisema, ya kule kwa popo,
yalishawahi kututia hasara ya tanuru zima.
Tuliyachoma, tukayamwagia maji,
yakanyamaza kama mkaza mwana mbele ya baba mkwe.
Alicheka, akakohoa, akacheka tena.
Kicheko ndicho kilichotangulia kuisha.

Sasa nina mizani inayopima hata vumbi,
na tanuri dogo la umeme, mlango wake sawa na daftari,
katika chumba cha nyuma cha maabara, Mbeya mjini,
ambako baridi ya Julai hupita chini ya mlango bila hodi.
Gramu kumi.

Nyuzi mia moja: hakuna kitu.
Mia na hamsini: linaanza kusitasita.
Mia mbili. Nimelitoa, nimelipima:
saba nukta tisa.
Halikuyeyuka, halikupasuka.
Fuwele zimesimama vile vile, pembe kwa pembe,
ila mng'ao umeondoka,
kama nyumba ambayo wenyewe wamehama
wakaacha mapazia.

Nikalirudisha. Nyuzi mia tano.
Saba nukta nne.
Hata maji yaliyofichwa mifupani mwake,
ambayo hayakuwa maji mpaka moto ulipoyaita,
yametoka.

Hivyo ndivyo walivyompima Baba kila mwezi, Ifisi.
Koti lile lile, kofia ile ile, mabega pale pale,
na mshale wa mizani ukirudi nyuma.

Nililimwagia jiwe maji ya bomba, kwa heshima yake.
Kimya.
Hukukosea, Baba. Si chokaa tena,
ni chokaa iliyoolewa na popo, ikabadili jina.

Kesho yake nilitia punje zilizobaki katika neli ya kioo,
nikaipasha kwa moto wa spiriti.
Nilitaka kuyaona yakitoka.
Kwanza ukungu.
Kisha, karibu na mdomo, ambako kioo bado ni baridi,
tone.

Mvua ya mwaka gani hii?
Ilinyesha kabla ya reli, labda, kabla ya tanuru la kwanza,
ikashuka ufa kwa ufa gizani,
ikakikuta kinyesi kinaunguza mwamba polepole,
ikakubali kukaa, ikawa ukuta.
Nani alijua kuwa jiwe kavu namna hii
limebeba robo yake maji?

Niliinamisha neli. Tone likateleza, likanigusa kidole.

Daftarini niliandika: asilimia ishirini na sita, maji.
Sikuandika kwamba lilikuwa vuguvugu,
wala kwamba sikulifuta.